Kura ya Zamu ya Sita Katika Malka ya Minjila

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA MALKA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 8 FEBRUARI 2025, KATIKA BANDA LA CHANJO YA MIFUGO, MINJILA, KUANZIA SAA NNE ASUBUHI

WALIOHUDHURIA
Mzee Bule Jilo, Mwenyekiti
Bi. Bahiya Shee, Katibu (hana ng'ombe wala mbuzi, na ndiyo sababu alichaguliwa)
Mama Barwako, mjumbe na mtoaji wa kura
Bi. Abdia Dube, mjumbe
Bw. Diriye Abdille, mjumbe (alifika saa nne na nusu)
Bw. Mwaringa Kazungu, mjumbe
Mwalimu Nehemiah Komora, mwakilishi wa wenye mashamba

WASIOHUDHURIA
Bw. Tom Buya, mwakilishi wa pili wa wenye mashamba, kwa udhuru. Yuko Golbanti kwa mazishi.
Bi. Sagal Farah, bila udhuru. Alimtuma binamu yake Diriye na kokwa yake ya kura, lakini hakumtuma na maneno yoyote.

KUMB. NA. 1/2/2025: KUFUNGUA KIKAO NA RAMBIRAMBI

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua. Aliwakumbusha wajumbe kwamba hiki ni kikao cha kwanza tangu marehemu Nuh Dube, ndugu yake mjumbe Abdia, achukuliwe na mamba tarehe 14 Januari alipokuwa akinywesha ng'ombe wa dada yake jua likizama. Kilichopatikana kilizikwa siku ya pili. Mwenyekiti alisema kamati yote iko pamoja na Abdia, na kwamba jambo hili lilikuwa limeandikwa na Mungu.

Abdia alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na Mama Barwako akasogea kumpa nafasi ingawa nafasi ilikuwepo.

KUMB. NA. 2/2/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa na Katibu. Abdia alipinga mahali palipoandikwa kwamba katika mwezi uliopita zamu ya sita "ilimwangukia" yeye. Alitaka kujua kama kuna mwezi wowote tangu afiwe na mume wake ambapo haikumwangukia. Diriye, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alisema hilo ni la ajenda nyingine. Kumbukumbu zilithibitishwa kwa wajumbe wote kuinua mkono, isipokuwa Abdia.

KUMB. NA. 3/2/2025: ABDIA KUKATAA KURA

Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kimeitwa kwa sababu moja. Kura ya mwezi huu ilipotolewa siku ya mwezi mwandamo, Abdia alipata tena zamu ya sita. Safari hii alikataa, na kwa siku mbili amepeleka ng'ombe wake mtoni asubuhi pamoja na zamu ya kwanza, ambayo ni ya Mwenyekiti mwenyewe.

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi na hajui mambo yetu, Katibu anaandika kwamba malka ni njia ya mifugo kwenda mtoni, na yetu imebanwa na mashamba pande zote mbili. Makundi mawili hayawezi kupita kwa pamoja bila kuingia kwenye mahindi ya watu, na wote tunakumbuka mwaka ambao yaliingia, na mikuki iliyotoka siku hiyo. Ndiyo maana familia sita zinazotumia malka hii hupiga kura kila mwezi wakati wa kiangazi. Wa kwanza hunywesha alfajiri kabla maji hayajavurugwa. Wa sita hufika jua likiwa linazama, maji yakiwa matope, na mamba wamekwishajua kwamba ng'ombe wanakuja.

Mwalimu Nehemiah alisema wenye mashamba hawana ugomvi na Abdia, lakini makundi mawili asubuhi moja ni hatari, na jana ndama wawili walikuwa ndani ya maharagwe yake. Alitaja ni maharagwe mangapi. Mwenyekiti alimshukuru.

Diriye alitoa hoja kwamba mtu akikataa kura amekataa kamati, na anayekataa kamati hana malka. Alitaka Abdia atolewe kwenye orodha ya familia sita mpaka mvua zinyeshe. Mwaringa aliuliza ng'ombe wa Abdia watakunywa wapi, maana malka inayofuata ni mwendo wa kutwa na ng'ombe wenyewe sasa hivi mbavu zinahesabika. Diriye alijibu kwamba hilo hakuliweka yeye, liliwekwa na kura. Alisema yeye mwenyewe akipata ya sita ataikubali. Mwaringa alimwuliza ameipata lini. Diriye alisema anafikiria.

Abdia aliombwa ajitetee. Alisema hana utetezi, ana swali. Alitaka kuelezwa na watu wazima waliokaa hapa ni kura gani hiyo inayomjua mtu kwa jina.

Ilionekana Mwenyekiti hakupenda swali hilo. Alisema kura haimjui mtu, na akamwomba Mwalimu, kwa kuwa ndiye msomi wa hesabu, amweleze dada yetu kwa upole.

KUMB. NA. 4/2/2025: MAELEZO YA MWALIMU

Mwalimu Nehemiah alisimama ingawa hakuna aliyemtaka asimame. Alieleza kwamba kuna uwezekano wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kinadharia, ambao mtu huupata akiwa ameketi na kalamu yake, kabla ya kufanya lolote. Kokwa ni sita, mtoaji amefungwa macho, kwa hiyo kila kokwa ina nafasi moja kati ya sita ya kuwa ya mwisho. Kokwa haikumbuki mwezi uliopita na haijui ni ya nani. Wa pili ni wa majaribio, ambao hupatikana kwa kulifanya jambo lenyewe mara nyingi na kuhesabu kilichotokea. Alisema hizi mbili hazilingani mwanzoni, ila kadiri jaribio linavyorudiwa ndivyo zinavyosogeleana, na kwamba watoto wa darasa lake wanalijua hili.

Alimalizia kwa kusema Abdia ana bahati mbaya, na bahati mbaya si dhuluma.

Abdia aliuliza kama Mwalimu ameshawahi kulifanya jaribio hilo kwa kokwa zetu, au alilifanya kwa kalamu tu. Mwalimu alisema hakuna haja. Abdia alisema yeye anayo haja. Mwalimu, ambaye hapendi kuulizwa mara mbili, alisema basi na lifanyike hapa hapa, mara thelathini, na kila familia itakuwa ya mwisho kama mara tano hivi, na baada ya hapo tusisikie tena maneno haya. Diriye aliunga mkono kwa sauti kubwa. Mwaringa aliunga mkono pia, lakini nadhani kwa sababu nyingine.

Iliamuliwa kwamba jaribio lifanyike kama kura inavyofanywa siku zote, bila kubadilisha kitu.

KUMB. NA. 5/2/2025: JARIBIO LA KWANZA

Utaratibu wetu ni huu. Kila familia ina kokwa yake kavu ya mti wa mkoma, kubwa kiasi cha kujaza kiganja, iliyochongwa alama ya familia. Kokwa hutiwa katika chombo cha maziwa cha Mama Barwako, cha kusukwa kwa nyuzi, kirefu na chembamba, ambacho alikirithi kwa mama yake. Kokwa hutiwa kwa adabu. Abdia hutangulia, kwa kuwa ni mjane, na kamati iliona si vizuri asimame akingoja katikati ya wanaume. Hufuata Mama Barwako kwa umri wake, kisha Sagal, kisha Mwaringa, kisha Diriye ambaye siku zote anatoka dukani kwake amechelewa, na mwisho kabisa Mwenyekiti, kwa kuwa aliyekaribisha watu hajitangulizi. Mama Barwako hufungwa macho kwa shuka, anaingiza mkono, anatoa kokwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza kutoka hupewa alfajiri. Ya mwisho hupewa magharibi.

Chombo hakitikiswi. Nyumbani kwa Mama Barwako chombo cha maziwa kisicho na maziwa hakitikiswi kamwe, mama yake hakukubali na yeye hakubali, na kamati iliheshimu jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Jaribio lilianza saa tano. Katika mara tatu za mwanzo Abdia alikuwa wa mwisho zote tatu. Mwalimu alitabasamu, akasema tatu ni chache mno, hesabu bado haijatulia. Katika mara ya nne Mama Barwako alitoa kokwa yake mwenyewe mwisho, na Mwalimu akanyoosha mkono kuwaonyesha wajumbe, akasema mnaona sasa.

Kufikia mara ya kumi na tano Mwalimu alikuwa ameketi. Kufikia ya ishirini hakuna aliyekuwa akizungumza isipokuwa Katibu, kwa kutaja jina la aliyetoka mwisho, na jina lilikuwa karibu lile lile kila mara, mpaka Katibu akaona aibu kulitaja.

Matokeo ya mara thelathini yalikuwa kama ifuatavyo. Abdia alikuwa wa mwisho mara ishirini na mbili, Mama Barwako mara tano, Sagal mbili, Mwaringa moja. Diriye na Mwenyekiti hawakuwa wa mwisho hata mara moja. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza mara ishirini.

Wajumbe walishtuka. Katibu ameandika kumbukumbu za kamati hii tangu ilipoundwa na hajawahi kuandika neno hilo, lakini hakuna lingine. Mwaringa aliomba hesabu irudiwe kusomwa, ikasomwa, ikawa ile ile. Mwalimu alichukua kalamu ya Katibu bila kuomba, akapiga hesabu pembeni ya gazeti lake, akaifuta, akapiga tena. Alipoulizwa na Mwenyekiti kama hii ndiyo bahati mbaya aliyoisema, alijibu kwa sauti ndogo kwamba hapana, bahati haifiki hapa.

Kikao kiliahirishwa kwa ajili ya swala ya adhuhuri. Abdia hakutoka kwenye benchi.

KUMB. NA. 6/2/2025: TUHUMA DHIDI YA MAMA BARWAKO

Kikao kiliporejea, Diriye alisema jambo ambalo Katibu angependa asiliandike. Alisema alama za kokwa zimechongwa, na mtu mwenye vidole anaweza kuzisoma hata akifungwa macho. Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kutaja, kwa kuwa mtoaji wa kura ni mmoja.

Mama Barwako alikunja polepole shuka aliyofungiwa macho. Aliuliza kama Diriye anasema yeye ndiye aliyempeleka Nuh mtoni. Diriye alisema hakusema hivyo. Mama Barwako alisema amesema hivyo mbele ya watu, na kwamba yeye ndiye aliyempokea Nuh kwa mikono hii hii siku alipozaliwa, na Abdia huyu aliyekaa pale alikuwa msichana amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Alianza kukusanya vitu vyake aondoke. Mwenyekiti alimsihi akae. Mwaringa alimwambia Diriye maneno ambayo Mwenyekiti ameagiza yasiandikwe.

Ili kumaliza jambo hili, Mwalimu alipendekeza kokwa zitolewe na mtu mwingine. Mwaringa alijitolea. Alifungwa macho kwa kilemba cha Diriye, na Diriye mwenyewe ndiye aliyekaza fundo. Kokwa zilitiwa kwa utaratibu ule ule mara kumi. Abdia alikuwa wa mwisho mara saba.

Diriye alimwomba Mama Barwako radhi. Aliomba mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza Mama Barwako aliitikia kwa kuangalia pembeni.

KUMB. NA. 7/2/2025: SABABU YAPATIKANA

Mwaringa alisema labda kokwa ya Abdia ina kitu, na kwamba kwao Giriama mtu angeipeleka kwa mtaalamu wa uganga. Mwalimu alisema kokwa ni kokwa, ingawa hakulisema kwa ile sauti ya asubuhi. Aliipima mkononi pamoja na zile nyingine, akasema hazina tofauti.

Mwenyekiti alikivuta chombo akakiweka katikati ya magoti yake, akaingiza mkono. Kisha akatia kokwa sita, moja moja, kama tunavyofanya siku zote, akichungulia kila ilipotua. Chombo ni chembamba. Kokwa hazikupata nafasi ya kulala kando kwa kando. Zilikaa moja juu ya nyingine, na zile chache zilizoteleza zilipishana na jirani tu. Alitazama ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwenyekiti alisema: "Mimi ndiye hutia mwisho. Ndiyo maana niko juu."

Akasema tena, akimtazama Mwalimu, kana kwamba anaomba kukosolewa: "Anayetangulia anakaa chini. Mkono unamfikia mwisho. Tulimtanguliza kwa heshima."

Mwalimu alipendekeza lithibitishwe. Kokwa zilitiwa kinyume mara kumi, ya Mwenyekiti kwanza na ya Abdia mwisho, na Mama Barwako akatoa. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho mara nane. Abdia alikuwa wa kwanza mara saba, na kila alipotoka wa kwanza Mama Barwako alitokwa na machozi chini ya shuka, ingawa alikuwa haoni anachokitoa. Alitaka aambiwe ni nani. Katibu alilazimika kumwambia.

Mwalimu Nehemiah aliomba yaandikwe maneno yake kama alivyoyasema. Alisema kosa ni lake kwanza, kwa kuwa ndiye aliyewaambia watu moja kati ya sita. Alisema moja kati ya sita ni kweli ikiwa kokwa zimechanganywa, na yeye hakuwahi kuuliza kama zimechanganywa. Miaka yote alikuja kwenye kura, akaona chombo hakitikiswi, akaona ni adabu nzuri, akarudi shambani kwake.

Diriye alitoa hoja kwamba kumbukumbu hii yote, kuanzia namba tano, iondolewe. Alisema watu wa nje wakisoma wataona kamati imeua mtu. Katibu alisema haondoi. Diriye aliomba Mwenyekiti amwagize. Mwenyekiti alisema, "Andika, Bahiya. Andika na kwamba ng'ombe wangu wamenenepa."

Imeandikwa.

KUMB. NA. 8/2/2025: HOJA YA KUMPA ABDIA ZAMU YA KWANZA

Mwenyekiti alimgeukia Abdia. Alisema hana maneno ya kumtosha, na kwamba kamati imrudishie kwa njia inayoweza. Alitoa hoja Abdia apewe zamu ya kwanza, bila kura, mpaka mvua zinyeshe, na mwakani pia. Yeye mwenyewe atachukua ya sita. Mama Barwako aliunga mkono kabla hajamaliza kusema. Mwalimu aliunga mkono. Diriye aliunga mkono pia, na Katibu anaamini ilitoka moyoni, kwa kuwa alikuwa amevua kilemba.

Abdia alikataa.

Wajumbe walidhani hawakusikia. Mama Barwako alimshika mkono, akamwomba afikirie ng'ombe. Abdia alisema amewafikiria ng'ombe mwezi mzima, hana kingine cha kufikiria. Kisha alisema maneno haya, bila hasira yoyote: "Mlinionea huruma mkaniweka mbele. Ndiyo hiyo ilinipeleka chini. Msinionee huruma tena. Nataka kura, ya kweli, kama mtu."

Mwenyekiti alijaribu kusema. Abdia alimwomba kwa heshima asiseme.

Iliamuliwa kwamba kura ya mwezi huu ifutwe na irudiwe leo leo, kwa namna nyingine. Chombo cha maziwa kilirudishwa kwa Mama Barwako, naye akakifunga ndani ya shuka yake. Mwaringa alitoa kikapu chake kipana alichoendea sokoni, akakikung'uta vumbi la unga. Mwalimu alitaka kwanza kikapu kijaribiwe mara thelathini, kikitikiswa kila mara, kwa kuwa alisema leo haamini tena kitu ambacho hajakiona. Kilijaribiwa. Abdia alikuwa wa mwisho mara nne, Mama Barwako sita, Sagal tatu, Mwaringa saba, Diriye tano na Mwenyekiti tano.

Diriye alilalamika kwamba hata hapa hazikulingana, maana kila mmoja alistahili tano kamili, na Sagal amependelewa. Mwalimu alieleza kwamba haki haina maana ya kulingana. Kikapu kikiwa cha haki zitatokea tatu na zitatokea saba, na zingetokea tano tano zote angeshuku zaidi. Alisema uwezekano hauahidi mtu chochote kwa siku moja. Diriye alisema basi faida yake ni nini.

Kabla ya kura, Mwaringa alitoa hoja kwamba zamu ya sita, iwe ya nani, isindikizwe mtoni na mtu mmoja kutoka kila familia, wakiwa na tochi na mikuki, kwa kuwa kura ya haki haimwondoi mamba. Diriye alisema hilo ni jema lakini ni zito, watu wana kazi zao jioni na duka ndiyo huuza saa hizo, lisubiri kikao cha mwezi ujao. Hoja iliahirishwa.

KUMB. NA. 9/2/2025: KURA

Kikao kilisimama kwa swala ya alasiri na kurejea saa kumi na nusu. Kokwa sita zilitiwa kikapuni kwa mkupuo mmoja. Kilitikiswa na Mwaringa, kikatikiswa na Mwalimu, na Abdia akaombwa naye akitikise kama anataka. Alikitikisa mara moja tu, akarudi kuketi. Mama Barwako alifungwa macho.

Ya kwanza ilitoka ya Sagal, ambaye hata hayupo. Ya pili ilikuwa ya Mwaringa. Ya tatu ilikuwa ya Mama Barwako mwenyewe. Ya nne ilikuwa ya Mwenyekiti, naye alishusha pumzi, na Katibu hakuelewa kama ni ya kufurahi au ya kusikitika mpaka alipomwona anakitazama kikapu. Zilikuwa zimebaki mbili.

Ya tano ilikuwa ya Diriye.

Mama Barwako alibaki na mkono ndani ya kikapu. Alikuwa amehesabu. Hakutaka kuitoa. Mwalimu alisema, bila kuulizwa na bila kumwambia mtu yeyote, kwamba ni moja kati ya sita, ni moja kati ya sita tu, inatokea. Alirudia mpaka Mwaringa akamwekea mkono begani.

Mwenyekiti alisimama kusema. Ilikuwa wazi anachotaka kusema. Abdia naye alisimama, akaenda mpaka kwenye kikapu, akaitoa kokwa yake mkononi mwa Mama Barwako, akaifuta unga kwa ncha ya mtandio. Alisema: "Hii nakubali. Hii ni ya Mungu. Ile ya Nuh ilikuwa yenu."

Alituaga wote kwa majina, kwa adabu, akatoka kwenda kuwatoa ng'ombe wake.

KUMB. NA. 10/2/2025: MENGINEYO

Mwaringa aliuliza kama hoja yake bado imeahirishwa. Mwenyekiti hakuiweka mbele ya kikao. Alichukua fimbo yake na tochi ya banda la chanjo, akatoka nje bila kuvaa viatu vizuri, akielekea upande aliokwenda Abdia. Mwaringa na Mwalimu walimfuata. Diriye aliuliza mara mbili kama kuna azimio lililopitishwa, ili ajue. Hakukuwa na wa kumjibu isipokuwa Katibu, na Katibu alikuwa anaandika. Diriye alimpigia simu aliyemwachia duka, akamwambia afunge, akafunga kilemba chake, akawafuata wenzake akikimbia kidogo.

Mama Barwako alibaki bandani na Katibu. Aliomba asomewe kumbukumbu hizi kutoka mwanzo. Zilisomwa zote.

Hakuna aliyefunga kikao. Kilikwisha saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kwa kuwa ilikuwa saa ya zamu ya sita.

Katibu: Bahiya Shee (sahihi imetiwa)

Mwenyekiti: ............................ (yuko mtoni, atatia sahihi akirudi)